Nyundo Isisikike Kilimani

Jumapili, 5 Machi 1967

Leo wamechimba msingi wa kanisa, na mimi nimeanza kuandika. Daftari ni lile la shule, lilibaki na kurasa nyeupe nilipoacha masomo darasa la sita. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho mwalimu alichotufundishia kuandika. Ekegusii nakisema tangu kuzaliwa, lakini nikikiweka kwenye karatasi hakinitii.

Mume wangu Abner ndiye fundi. Upande huu wote wa Manga hakuna mwingine anayejua mawe. Yeye alijifunza kwa Wahindi huko Kisumu kabla sijamjua. Mke wake wa kwanza ni Gesare. Mimi Bonareri ni wa pili, na ni kwa ajili yangu Abner aliondolewa katika ushirika. Tangu aliponioa hali mkate wa Bwana, hakuna anayemtawadha miguu siku ya meza ya Bwana, na wenzake wakiitana ndugu, yeye huitwa fundi tu. Gesare hakuguswa. Gesare ameolewa mara moja, kosa lake liko wapi? Watu wamesahau kwamba ni yeye aliyekuja kwa baba yangu huko Keumbu kunikagua kama mtu anayenunua mbuzi. Alikuwa amezaa wasichana watupu. Binti yake Nyaboke alipoolewa, akamwambia Abner: ng'ombe hawa wa mahari ni wa nyumba yangu, niletee nao mtu wa kunizalia mwana. Nikaletwa. Nikamzaa Nyasani, ambaye sasa anatembea na kuvunja vikombe.

Leo mzee Onsongo, mkuu wa kamati ya ujenzi, amemwambia Abner kwamba kanisa linamhitaji. Abner amefurahi mpaka akasahau kula. Mimi sikufurahi, ila nilimwekea chakula chake karibu na moto.

Jumanne, 7 Machi

Mchanga kutoka mtoni kutwa. Shingo haigeuki.

Sabato, 11 Machi

Mchungaji Angwenyi alikuja na pikipiki yake kutoka Nyamira. Alisema mpaka kanisa liishe atatufundisha habari za mafundi wa Biblia, ili tujue tunachofanya si kubeba mawe tu. Leo alianza na Bezaleli, yule aliyetengeneza hema jangwani. Alisema Mungu alimjaza roho wake, na si ili ahubiri wala atabiri, bali achonge, afue, akate. Kwamba kazi ya mikono ni sala kama sala nyingine.

Nilimwangalia Abner pale benchi la nyuma karibu na mlango. Alikuwa amenyoosha viganja vyake magotini anavitazama. Njiani aliniambia, "Umesikia? Roho anaingia hata mikononi." Nilitaka kumjibu kwamba kama ameingia mikononi, basi mwili uliobaki bado uko benchi la nyuma. Furaha za Abner ni chache, na mimi si mchawi.

Jumatano, 15 Machi

Mvua imefika. Haikupiga hodi.

Sabato, 18 Machi

Leo lazima niandike yote.

Mchungaji alifundisha juu ya hekalu la Sulemani. Alisema mawe yalichongwa yakaisha huko huko machimboni, ndiyo maana pale penyewe palipojengwa hapakusikika mlio wa chuma hata kidogo. Akaeleza maana yake: dunia hii ni machimbo, Mungu hutuchonga hapa kwa shida na maonyo, ili siku ile kila mtu awekwe mahali pake kimya, bila kupunguzwa tena. Yalikuwa maneno mazuri. Mama mmoja mbele yangu alilia.

Ndipo mzee Onsongo akasimama. Ana sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde. Alisema kama Sulemani aliweza, Abagusii wanashindwa na nini? Kuanzia Jumatatu chuma kisisikike pale kilimani. Nyundo zote na patasi zibaki chini machimboni, mawe yapande yakiwa tayari. Watu wakaitika amina kwa nguvu. Mchungaji alifungua mdomo, akaufunga, akatabasamu. Alikuwa na kanisa jingine la kuhubiri mchana.

Abner aliinua mkono. Onsongo akamwambia kwa upole kwamba fundi atasikilizwa nje, maana aliye nje ya ushirika hasemi katika mkutano wa kanisa. Huko nje Abner alieleza kwamba jiwe hupimwa ukutani kama kiatu kinavyopimwa mguuni, na hakuna ukuta usiotaka jiwe lipunguzwe kidogo papo hapo. Onsongo alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Fundi, Hiramu wa Tiro hakuwa hata Mwisraeli, na aliweza."

Jioni nilimwambia Abner kwamba Sulemani huyo huyo alikuwa na wake mia saba, na sijasoma popote kwamba kamati ilimkalisha benchi la nyuma. Alicheka kweli kweli. Kisha akaniambia nisiyaseme hayo nje.

Jumatatu, 20 Machi

Machimbo yako chini ya jabali, na kanisa liko juu. Katikati ni njia moja ya mbuzi, na sasa ni tope. Abner anapima pengo la ukuta kwa kamba, anashuka, anachonga, jiwe linapandishwa. Makubwa wanaume wanayakokota kwa magogo. Yaliyobaki ni ya vichwa vya wanawake. Likifika na kuzidi upana wa kidole, linarudi chini, kwa sababu nyundo iko chini. Onsongo ameruhusu kipande cha gogo cha kugongea, maana mti si chuma.

Nikiwa nimeinama na jiwe kichwani nilipata wazo, nami naliandika lisipotee. Hata kwa Sulemani kelele zilikuwepo. Ziliwekwa tu mbali, mahali ambapo mfalme hangezisikia. Sisi ndio tuliowekwa huko.

Alhamisi, 30 Machi

Kuna jiwe moja limepanda na kurudi mpaka tumelipa jina. Tunaliita Yona, halitaki kwenda linakotumwa. Leo hata Gesare amecheka.

Sabato, 8 Aprili

Somo la leo ni Nehemia na ukuta wa Yerusalemu. Mwiko mkono huu, silaha mkono ule. Katika ile orodha ndefu ya waliojenga, mchungaji alisoma haraka haraka kwamba mtu mmoja, Shalumu, alijenga sehemu yake pamoja na binti zake. Akapita. Mimi sikupita. Nilibaki hapo mpaka wimbo wa mwisho.

Tulipotoka nilimsogelea nikamuuliza majina ya wale binti. Alicheka, si kwa ubaya, akasema Biblia haikuwataja. Akauliza mimi ni nani. Nilipomwambia Bonareri wa fundi Abner, kicheko kikaisha, akakumbuka kwamba pikipiki yake inanyeshewa.

Jumatano, 12 Aprili

Mvua. Nyasani amejifunza kusema "maji".

Ijumaa, 21 Aprili

Imetangazwa kwamba wageni wakubwa wa kanisa watakuja kulifungua tarehe 24 Juni. Simenti imetosha msingi na pembe tu. Kuta zinaunganishwa kwa udongo. Mawe yasipokutana vizuri Abner hujaza kokoto na tope, na kila jioni tunafunika ukuta kwa majani ya migomba kama mgonjwa. Leo alimwomba Onsongo wangoje mpaka mvua ipungue, au aruhusiwe nyundo moja, moja tu. Onsongo alisema Nehemia hakungoja.

Namchukia yule mzee. Lakini lazima niseme ukweli: leo nilimkuta njiani na jiwe begani, peke yake, anateleza, magoti yote tope. Hakuniona.

Nilimwambia Gesare kwamba haraka haraka haina baraka. Akasema, "Mwambie mwenyewe, mimi nina nafasi yangu ya mbele kanisani ya kulinda." Sikujua kama ananitania.

Alhamisi, 4 Mei

Ukuta umeanguka.

Mvua ilianza baada ya chakula cha mchana, ile ya mawe, inayopiga majani ya chai mpaka yanalala. Wote tulikimbilia kanisa la zamani. Abner peke yake alibaki nje anashikilia majani ya migomba juu ya ukuta wa magharibi, anayarudisha huku upepo ukiyachukua kule. Nilimwita. Gesare pia alimwita. Tulisimama mlangoni wake wawili wa mtu mmoja tunapiga kelele jina moja, na siku nyingine ningeona haya.

Kwanza yalitoka maji mekundu chini ya ukuta. Nilidhani ni maji ya njia. Kumbe ni ule udongo ulio katikati ya mawe, unatoka kidogo kidogo kama uji unaofurika. Abner aliyaona. Alirudi nyuma, akaacha majani, akasimama mikono ikining'inia. Ukuta haukuanguka kwa kishindo nilichotarajia. Ulitumbukia katikati, kisha ukakaa chini wote, na jiwe moja likaviringika mpaka miguuni pake.

Hakuna aliyeumia. Onsongo alitoka mvuani bila kofia, akazunguka lile rundo akiyashika mawe, analia wazi wazi kama mtu aliyefiwa. Kwa muda mfupi nilimhurumia kuliko nilivyowahi kumhurumia mtu. Nilisema moyoni, sasa ameona. Sasa nyundo itapanda.

Alijifuta uso. Akamtazama Abner. Halafu, sikubuni hili, akageuka akanitazama mimi.

Sabato, 6 Mei

Mchungaji hakuja, njia imeharibika. Alihubiri Onsongo. Alifundisha juu ya Akani, yule aliyeficha kitu kilichokatazwa chini ya hema lake, na Israeli wote wakashindwa vitani mpaka kilipoondolewa. Hakutaja jina la mtu. Hakukuwa na haja, maana vichwa vyote viligeuka vyenyewe. Penye wazee haliharibiki neno, husema watu. Hapa limeharibika mikononi mwao, na wameokota mtu wa kulibeba.

Ni jambo la ajabu. Udongo wa tope katika masika, mawe yasiyokutana, nyundo iliyofungiwa chini kama mbwa, hayo yote hayakuuangusha ukuta. Uliangushwa na mimi, nikiwa mlangoni na ndoo.

Jumatatu, 8 Mei

Gesare alinikuta nikimenya ndizi. Akaketi, akachukua kisu kingine, akamenya nami. Nilijua kuna neno, kwa sababu tangu niletwe hapa hajawahi kuketi kwangu.

Alisema kamati ilimwita Abner jana. Wamemwambia aujenge upya ukuta, na nyundo sasa inaruhusiwa, maana mchungaji ametuma neno kwamba alikuwa akifundisha habari za moyo, si habari za vyombo. Lakini dhambi iondoke kwanza. Siku ya kufungua kanisa atapokelewa tena mbele ya wageni, akiwa na mke mmoja.

Nilimuuliza kwa nini ananiambia yeye na si Abner.

"Abner anaogopa," alisema. "Mimi ndiye niliyekuleta. Siwezi kukuacha ugundue kwa watu."

Nikamuuliza kuhusu Nyasani. Aliendelea kumenya mpaka ile ndizi ikaisha.

"Mtoto ni wa ng'ombe wa Nyaboke," akasema. "Hilo unalijua, Bonareri. Kwa hilo usinitafute."

Miaka hii yote nilidhani ananichukia. Hanichukii. Ingekuwa afadhali anichukie, kwa maana mwenye chuki unaweza kumtukana ukapumua.

Jumanne, 9 Mei

Sikwenda mtoni.

Jumatano, 10 Mei

Nimekwenda mtoni. Wanawake waliacha kuongea nilipofika.

Jumatano, 17 Mei

Nyundo inalia kilimani tangu asubuhi. Sauti yake ni nzuri, siwezi kukataa. Ukuta unapanda haraka na mawe yanakutana. Wapita njia wanasimama kutazama, wanasema baraka zimerudi.

Jumapili, 21 Mei

Nilingoja aniambie. Nilimpikia, nikamfulia, nikampa kila nafasi. Leo nimechoka kungoja. Nilimkuta nyuma ya nyumba anaosha mwiko wake.

"Ungeniambia lini?" nilimuuliza.

Hakujifanya hajui. Aliuosha mwiko ambao ulikuwa safi tayari. Alisema, "Mama Nyasani, nimekaa benchi lile tangu mwaka wa Jamhuri. Nikifa leo hakuna atakayeniombea kaburini. Najenga nyumba ambayo mwenyewe si mtoto wake."

"Na mimi ni nani kwako?"

"Wewe ni mke wangu," alisema. Nikaona anasema kweli, na kwamba ukweli huo hautanisaidia kitu.

Alisema atampelekea baba yangu habari kwa heshima, na kwamba hatadai ng'ombe wake warudishwe. Alifikiri hilo litanifurahisha. Na kwa kuwa ng'ombe hawarudi, mtoto harudi nami. Ndiyo desturi, nimeijua tangu nikiwa msichana, na sikuwahi kuuona ubaya wake mpaka ilipoingia jikoni kwangu.

Ninampenda Abner. Naandika hili hapa kwa sababu hakuna mahali pengine ninapoweza kulisema bila kuchekwa. Ni mtu mpole, hajawahi kuniinulia mkono. Lakini upole wake umefanana na ule udongo: mzuri kuushika, na maji kidogo tu yakija, unatoka.

Jumamosi, hapana, Sabato, 3 Juni

Mchungaji amerudi. Leo alifundisha juu ya Yesu mwenyewe. Alisema tumezoea kumwita seremala, lakini neno la asili lina maana ya mjenzi, na nyumba za kule zilikuwa za mawe, kwa hiyo huenda mikono ya Bwana ilijua jiwe kuliko ubao. Alisema kabla ya kusema neno moja la kuhubiri, alifanya kazi miaka mingi, na jasho lile pia ni sehemu ya wokovu wetu.

Halafu akasema, "Mikono kama ya ndugu yetu Abner."

Alisema ndugu. Kanisa zima liligeuka kumtazama, safari hii kwa uso mwingine. Abner aliinama, mabega yakatikisika. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimempoteza. Mpaka leo nilikuwa na tumaini dogo nililolificha hata katika daftari hili. Lakini mtu akishaitwa hivyo mbele za watu baada ya miaka ya njaa, hawezi kurudi tena kwenye benchi kwa ajili ya mwanamke.

Na mafundisho yalikuwa kweli. Hilo ndilo linaloniuma. Kama mchungaji angefundisha uongo ningemcheka nikalala. Nilimwamini kila neno: kwamba Mungu anaheshimu jasho, kwamba aliujua uzito wa jiwe. Nilikaa pale na kidonda cha ngata utosini, nikingoja afike kwa wale wanaobeba. Hakufika.

Jumanne, 6 Juni

Mabati yamepanda. Yanang'aa mpaka ng'ambo. Mvua imebaki ya jioni tu.

Sabato, 10 Juni

Sikwenda. Nimebaki na Nyasani. Wote siku hizi wanalipenda lile neno la jiwe lililokataliwa na waashi. Onsongo anataka lichorwe juu ya mlango. Hakuna anayeuliza wale waashi walikuwa akina nani. Hawakuwa wapagani. Walikuwa wajenzi, wanaojua kazi yao, wenye kamati.

Alhamisi, 15 Juni. Keumbu.

Akufukuzaye hakwambii toka. Abner aliniambia mama yangu anaumwa, twende tukamwone. Nilipomtafuta Nyasani nimfunge mgongoni, kitanda kilikuwa kitupu. Gesare alikuwa ameondoka naye alfajiri kwenda kwa Nyaboke, Kebirigo.

Sikupiga kelele. Majirani walikuwa wamesimama kwenye mipaka ya mashamba yao wakijifanya wanapalilia. Nilichukua kikapu changu. Abner alinipokonya akakibeba mwenyewe, yeye ambaye hajawahi kubeba kikapu cha mwanamke, akatembea nacho njia nzima mbele yangu. Kila tuliyekutana naye alielewa.

Mama yangu haumwi. Alikuwa anaanika wimbi. Abner hakuingia bomani kwa sababu ya heshima ya mkwe. Mama mkwe hatazamwi hivi hivi. Aliweka kikapu njiani, akazungumza na baba pembeni, baba akiwa ameinamisha kichwa. Mtu anaweza kumrudisha binti wa watu bila kosa, na bado akashika adabu zote za ukwe.

Alipoondoka alisema, "Mtoto atakuwa salama."

Ijumaa, 16 Juni

Maziwa bado yanakuja. Nilikuwa sijamwachisha.

Jumatatu, 19 Juni

Baba anasema nivumilie. Mvumilivu hula mbivu. Mimi nimeona wanaovumilia sana wakiachiwa maganda.

Ijumaa, 23 Juni

Kesho wanafungua.

Jumapili, 25 Juni

Nilitoka jana kabla ya jua bila kumwambia mtu. Sikuwa na mpango wowote. Nilitaka kumwona mwanangu tu, hata kwa mbali, kama amekonda.

Nilipofika Manga uwanja ulikuwa umejaa, na magari ya wageni yameegeshwa kwenye nyasi. Kanisa ni zuri. Pembe zake zimenyooka, madirisha yako sawa, na ukuta wa magharibi hauonyeshi kwamba uliwahi kulala chini. Nilitembea kando yake. Baadhi ya mawe niliyajua. Nikasimama penye mlango ambao bado haujawekewa ubao, nyuma ya wanawake wa vijiji vingine wasionijua.

Walikuwa wamekwisha kumpokea Abner. Alikuwa mbele, amevaa koti la kuazima, uso wake umeelekea kwa watu, na mzee Onsongo amemshika bega. Uso ule sijawahi kuuona akiwa nami. Ulikuwa umetulia. Nilitaka kumchukia na nikashindwa, na hilo pia limeniudhi.

Mgeni mkuu akaomba watu wapige magoti kwa sala ya kuweka wakfu. Wote wakapiga magoti, wakafumba macho. Akaanza kushukuru kwa ajili ya waliojenga. Alitaja kamati, wazee, waliotoa miti, waliotoa mabati. Akamtaja fundi. Alikuwa na sala ndefu.

Nyasani alikuwa upande wa wanawake, amelala kwenye mkeka kando ya Gesare, amefunikwa leso. Amekonda. Miguu yangu ilienda yenyewe. Nilipita katikati ya migongo ya watu wanaomshukuru Mungu, nikainama, nikamwinua pamoja na leso. Gesare alikuwa ameshika ncha ya ile leso, imezungushwa kidoleni mwake. Alifungua macho. Alinitazama, akamtazama mtoto aliyeshanijua na kuingiza mkono kifuani mwangu. Alivuta leso mara moja, kwa nguvu, nami sikuachia. Machozi yakamtoka. Kidole chake kikalegea, akayafumba macho yake akaendelea kusali.

Niligeuka. Hapo nikamwona Abner. Alikuwa amepiga magoti mbele kule, na macho yake yako wazi, ananiangalia mimi na mwanawe. Neno moja tu lake, na wanaume wangenishika kabla sijafika mlangoni. Tulitazamana. Sala ya mgeni ilikuwa imefika kwa waumini, mawe yaliyo hai.

Abner akafumba macho.

Nilikuwa kwenye migomba niliposikia amina yao. Nilitembea bila kusimama, Nyasani akinyonya, mpaka Keumbu.

Mama alimpokea mtoto bila kuuliza. Baba aliniita nje. Anaogopa, nami simlaumu. Watakuja, wazee wao na wazee wetu, na ng'ombe watatajwa mmoja mmoja. Aliniuliza kama mume wangu aliniona nikimchukua mtoto. Nikasema ndiyo, aliniona.

"Akasemaje?"

"Hakusema kitu, baba," nikamwambia. "Alikuwa anasali."